Maradhi Mafupi ya Jenerali Mawala

Nchi ya Fanaka haipo, na kila aliyezaliwa humo atakuapia hivyo hivyo, baada ya kutazama kwanza kushoto na kulia. Ni nchi ya amani. Amani yake ni nyingi mno, hata serikali ikalazimika kuunda wizara ya kuigawa, Wizara ya Utulivu, na kila raia hupata fungu lake, wengine mgongoni, wengine kwenye nyayo.

Wakubwa wa Fanaka hawafi ovyo kama watu wengine. Mkubwa wa Fanaka hufa kwa maradhi mafupi. Kuna aliyepatwa na maradhi mafupi ndani ya gari lake, gari likaungua naye. Kuna mwingine yalimkuta ghorofani, yakamtoa dirishani na kumfikisha chini kabla ya daktari. Na kila yalipotokea hayo, taifa liliarifiwa na sauti moja tu, sauti ya Sikitu Mhando, msomaji wa tanzia wa Redio Fanaka.

Sikitu alikuwa na sauti nzito kidogo, yenye unyevu ndani yake, kama mtu aliyekwisha kulia akanawa uso. Wagonjwa mahututi walisema wakimsikia walitamani kufa, ili wasomwe vile. Baada ya tanzia yenyewe alikuwa na kipindi chake, Tafakuri ya Marehemu, ambamo alieleza maisha ya aliyetutoka na nini tujifunze kwayo. Hapo ndipo ufundi wake ulipokuwa. Marehemu aliyekuwa mkatili, Sikitu alimwita mtu wa msimamo. Mlevi alimwita mcheshi. Aliyekula bajeti ya hospitali nzima alisema alikuwa na hamu kubwa ya maendeleo. Wasikilizaji walielewa, Mkurugenzi aliridhika, na marehemu hawakulalamika.

Aliweza kazi hiyo kwa sababu alikuwa amejifunza kutojisikiliza. Mumewe, Mwalimu Zakayo, alikuwa masomoni.

Hapa inafaa nieleze. Serikali ya Fanaka ina mpango wa masomo ya nje, na mtu haombi. Watu huja na gari, wakakuchukua na nguo ulizovaa, na kesho yake ofisa hufika nyumbani kumpongeza mkeo. Mwalimu Zakayo alikuwa akifundisha jiografia. Siku moja aliwaambia wanafunzi kwamba ziwa la Fanaka linapungua, wakati Mtukufu Jemadari Lufingo, mtawala wa nchi, alikwisha kutangaza kwamba linaongezeka. Jumatatu iliyofuata mwalimu akapata nafasi ya masomo. Mama yake, mkwewe Sikitu, alikuwa akiwatambia majirani: "Mwanangu yuko Ulaya, anasomea maji." Sikitu alimwacha atambe. Yeye mwenyewe nyakati fulani alikuwa akiamini, hasa anapopika.

*

Asubuhi moja Mkurugenzi wa redio, Bwana Kisaka, alimwita Sikitu ofisini. Alikuwa mtu mwembamba aliyevaa tai nyeusi siku zote ili msiba usimkute hana.

"Bi Sikitu, Jenerali Mawala ametutoka."

Jenerali Mawala alikuwa Waziri wa Utulivu, mtu ambaye jina lake likitajwa sokoni wauzaji walifunga vibanda. Sikitu alikaa.

"Ametutokaje?"

"Maradhi mafupi."

"Lakini jana nilimwona kwenye gwaride. Alikuwa akipiga teke farasi."

"Ndiyo maana yakaitwa mafupi," alisema Kisaka. "Utasoma tanzia sasa. Mazishi utayatangaza moja kwa moja kutoka makaburini. Tafakuri yake iwe ndefu, tena iwe na machozi. Jemadari mwenyewe atasikiliza. Nchi nzima itasikiliza, amri imetoka. Redio iliyozimwa itahesabiwa ni uhaini."

Mji mzima ulikuwa ukijua kwamba jana yake Jenerali alialikwa chakula Ikulu. Ulijua pia kwamba wapishi wa Ikulu, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamepata nafasi za masomo kabla vyombo havijaoshwa.

Maombolezo yakaanza. Kikosi cha Majonzi kikamwagwa mitaani kwa virungu kuhakikisha kila mtu ana huzuni ya kutosha. Sikitu aliwaona kutoka dirisha la redio. Walimpiga mwuza vitumbua kwa sababu vitumbua vyake vilikuwa vikichangamka kwenye mafuta; wakammwagia mafuta hayo miguuni, akalia, wakamwandika kuwa mwombolezaji mwema. Walimkuta mtu anatoka kwa daktari wa meno, sindano ya ganzi imempindisha mdomo upande mmoja, wakaona anatabasamu. Wakamng'oa na meno yale mazima. Mzee mmoja, baada ya kuyaona hayo, aliona heri ajitupe chini na kulia kwa nguvu zake zote. Walimkanyaga mbavu mpaka zikavunjika.

"Nalia, wanangu," mzee aliwaambia. "Mbona nalia?"

"Unalia mno," alijibu mkubwa wao. "Nani kakwambia amekufa vibaya?"

Sikitu alifunga dirisha. Alirudi mezani, akaandika: "Jenerali Mawala alikuwa mtu aliyegusa maisha ya wengi."

*

Siku ya mazishi jeneza lilikuwa wazi kufuatana na desturi za kijeshi, na marehemu alikuwa amevalishwa kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi, kwa kuwa maradhi mafupi yalikuwa yameacha tundu kwenye paji la uso. Sikitu alisimama kando ya kaburi na kipaza sauti chake.

Mtukufu Jemadari Lufingo alihutubia. "Ndugu wananchi," alisema, "mauti hayana huruma, lakini yana shabaha. Yamemchagua aliye bora. Nani kati yenu atasema yeye si bora?"

Wananchi walitazama viatu vyao.

Ukaja wakati wa mawaziri kuonyesha uchungu. Waziri wa Mifugo alipiga magoti na kujirarua shati. Waziri wa Anga, asitake kupitwa, akaanza kujigonga kichwa kwenye jeneza. Waziri wa Mifugo akaona atashindwa, akapiga mbio kwenda kujitupa kaburini. Mwenzake akamdaka mguu, wakakamatana mashati, wakang'atana masikio mbele ya mabalozi, na mwisho Waziri wa Anga akasukumwa akaingia shimoni kichwa mbele. Mfupa wa bega ulilia kama kuni kavu. Askari walidhani ndiyo ratiba, wakaanza kutupa udongo. Alifukiwa mpaka kifuani kabla mtu hajatambua kwamba mayowe yake ni ya maumivu. Jemadari alifuta jicho na kusema huo ndio uzalendo.

Sikitu alitangaza yote hayo kwa sauti ileile: "Mheshimiwa Waziri ameshindwa kujizuia."

Mjane wa Jenerali, Mama Mawala, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mkavu. Kikosi cha Majonzi kilimzunguka, virungu mkononi, kisijue sheria inasemaje kuhusu mjane asiyelia. Watu walipopanga mstari kumpa mkono wa pole na Sikitu akafika mbele yake, mama yule aliung'ang'ania mkono.

"Njoo nyumbani," alisema polepole. "Peke yako. Kesho, kabla hujasoma hiyo tafakuri."

*

Nyumba ilikuwa kubwa na matanga yalikuwa yamejaa wanawake kwenye mikeka. Mama Mawala alimpitisha Sikitu katikati yao mpaka jikoni, akafunga mlango. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana, mwenye mikono ya mtu aliyelima kabla ya kuolewa na cheo.

"Shikamoo, mama," Sikitu alisema. "Poleni sana kwa msiba."

"Marahaba. Pole weka pembeni. Unajua mume wangu alikufaje?"

Katika Fanaka, swali kama hilo lina majibu mawili, na yote mawili yana adhabu.

"Alipigwa risasi mezani," alisema Mama Mawala. "Jemadari alikuwa akisimulia kichekesho chake. Mume wangu akacheka kabla hakijaisha. Jemadari akaweka uma chini akamuuliza, nani kakwambia mwisho wake? Basi. Akatoa bastola pale pale. Walinirudishia mwili na kijiko mdomoni, taya zilikwisha kaza. Mimi ndiye niliyezivunja nikitoe kijiko."

"Mama, mimi nasoma ninachopewa."

"Najua. Nataka leo usome hili."

"Wataniua."

"Ndiyo. Watakuua." Mama Mawala alivuta kigoda akakaa, kana kwamba wanazungumzia bei ya unga. "Kwa hiyo sikuombi bure. Nina kitu chako. Mumeo hayuko masomoni."

Sikitu alishika ukingo wa meza.

"Aliletwa hapa. Mume wangu alikuwa na watu ambao hakupenda kuwafanyia kazi ofisini. Aliwafanyia uani, hapo nyuma ya jiko. Walimfunga kwenye nguzo ya kamba za nguo. Aliambiwa aseme ziwa linaongezeka. Angesema angeachiwa, labda. Hakusema. Walianzia kwenye vidole."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa. Napika."

"Ulimsikia?"

"Alikuwa na sauti kubwa, mumeo. Sauti ya darasani." Mama Mawala alitazama mikono yake. "Nilikuwa naongeza redio ili nisisikie. Ulikuwa wewe unasoma. Kila siku, saa ile, ulikuwa wewe."

Sikitu alimzaba kofi. Lilikuwa kofi la mtu asiyewahi kupiga mtu, lilitua nusu sikioni, nusu shavuni. Mama Mawala hakuinua mkono kujikinga. Sikitu akampiga tena, na tena, safari hii kwa ngumi, mpaka pua ya mama yule ikatoa damu ikachuruzika kwenye kanga ya msiba. Nje, wanawake waliposikia vishindo, walidhani mjane hatimaye ameanza kulia. Wakamsaidia kwa vilio.

Nguvu zilipomwishia, Sikitu alikaa sakafuni.

"Alisema nini?" aliuliza.

"Aliomba maji. Halafu akaacha kuomba. Siku ya mwisho alikuwa akitaja majina ya mito, moja moja, kama anafundisha. Wamemzika chini ya sakafu ya gereji. Gari la mume wangu liko juu yake."

Maji ya chai yalichemka yakapungua, hakuna aliyeinuka kuyaepua.

"Mumeo alikuwa mnyama," alisema mwishowe.

"Alikuwa mnyama," mjane alikubali. "Na mnyama naye kauawa, na muuaji ndiye aliyetuhutubia. Mimi sikuombi umsifu. Nataka watu wajue. Ukisema la mumeo, sema na la wangu. Yote ni ya nyumba moja."

*

Studio ilikuwa na fundi mitambo mmoja, Mzee Gaspari, mtu wa maneno machache aliyekaa nyuma ya kioo na kutoa ishara kwa kidole. Sikitu alipoingia hakuwa na karatasi. Gaspari aliliona hilo.

"Mzee Gaspari," alisema Sikitu, "nikianza kusoma leo, Bwana Kisaka atataka kuingia."

"Kwa nini aingie?"

"Hataipenda tafakuri."

Mzee alimtazama usoni, kisha akaenda kufunga mlango kwa ufunguo. Akalisukuma kabati la sahani za muziki mpaka likaziba mlango wote. Aliporudi hakukaa kwenye kiti chake.

"Binti yangu yuko masomoni," alisema. "Tangu mwaka ule wa mgomo."

"Najua, mzee."

"Ukipata nafasi, mtaje. Generosa Gaspari."

Akawasha taa nyekundu.

Nchi nzima ilikuwa ikisikiliza, kwa kuwa ilikuwa imeamriwa. Redio zilikuwa wazi madukani, kambini, mashuleni. Vipaza sauti vilifungwa kwenye nguzo za barabarani. Sikitu alianza kwa sauti yake ya siku zote, ile yenye unyevu.

"Ndugu wasikilizaji, karibuni katika Tafakuri ya Marehemu. Jenerali Mawala hakufa kwa maradhi. Alipigwa risasi ya paji la uso na Mtukufu Jemadari Lufingo, mezani, kwa kucheka mapema. Alikuwa mume na baba. Alikuwa pia muuaji. Nyuma ya jiko lake kuna nguzo ya kamba za nguo. Kwenye nguzo hiyo aliuawa Mwalimu Zakayo Mhando, mume wangu, kwa kusema ziwa linapungua. Hakwenda masomoni. Hakuna masomo. Generosa Gaspari hayuko masomoni. Mtu wako unayemngoja hayuko masomoni. Mama mkwe, nisamehe, nilikuwa nikijua bila kujua."

Kitasa kilianza kutikisika. Sauti ya Kisaka ilipenya, ya adabu kwanza. "Bi Sikitu, muda umekwisha." Kisha si ya adabu tena. Kisha ikawa ya kilio: "Sikitu, nina watoto."

Sikitu aliendelea. Alisema ziwa linapungua. Alisema lilikuwa likifika kwenye ngazi za kanisa, na leo mtu akitaka kunawa hutembea nusu asubuhi kwenye matope. Hakupandisha sauti. Mzee Gaspari alikuwa ameegemea kabati kwa mgongo, miguu ameikaza sakafuni, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayengoja basi.

Askari hawakuhangaika na kitasa. Walipiga risasi mlangoni. Zilipita kwenye mbao, zikapita kwenye kabati, zikavunja sahani za muziki za miaka yote ya taifa, zikapita kwa Mzee Gaspari. Aliteleza polepole mpaka akakaa, akiwa bado ameegemea, na uzito wake ukaendelea kuuzuia mlango. Iliwabidi wamsukume yeye ndipo waingie.

Sikitu alikuwa akisema, "Tumekuwa mkiwasikiliza," maneno yake ya kuaga aliyoyakosea kwa hofu, ndipo kitako cha bunduki kilipompata tayani. Nchi nzima ilisikia mfupa. Baada ya hapo ukapigwa muziki wa gwaride.

*

Serikali ilitoa tamko kabla ya jua la utosini. Ilisema kwamba asubuhi ile mitambo ya redio ilipata hitilafu, na kwa sababu hiyo hakuna mwananchi yeyote aliyesikia chochote. Kila raia alitakiwa kufika kituo cha polisi kilicho karibu kuapa kwamba hakusikia.

Mwanzoni kiapo kilikuwa kifupi. Mtu alisema, "Sikusikia kitu," akapigwa viboko vya kawaida na kwenda zake. Lakini Waziri mpya wa Utulivu alikuwa mwanasheria, naye aliona udhaifu mkubwa. "Kitu gani?" aliuliza barazani. "Mtu anaweza kuapa hakusikia kitu, kumbe moyoni ana maana ya jogoo wa jirani. Kiapo lazima kiseme wazi ni nini ambacho hakikusikika."

Kiapo kikaandikwa upya, neno kwa neno kama Sikitu alivyosema, na mbele ya kila sentensi likawekwa neno "sikusikia". Polisi wakakisoma, raia wakakariri. Aliyekosea alipigwa mpaka akakijua. Wako waliokuwa viziwi, wakaandikiwa. Wako watu wa milimani ambako redio haijawahi kushika. Hao walifuatwa kwa malori, wakateremshwa mjini na kuelezwa kwa kina yote ambayo hawakuyasikia. Walirudi kwao na migongo iliyochanika, wakawafundisha wagonjwa ambao hawakuweza kusafiri.

Sikitu aliwekwa kwenye chumba cha nyuma cha kituo kikuu, taya limefungwa kwa kitambaa. Hakuweza kusema, hata mate hakuyameza vizuri. Walitaka kumshtaki, lakini mwendesha mashtaka alikwama: shahidi atatoka wapi, na nchi nzima imeapa? Walitaka kumpeleka masomoni, lakini neno lenyewe lilikuwa limeharibika. Askari aliyeambiwa "mpeleke masomoni" alicheka, akapigwa risasi, na aliyeshika nafasi yake naye akacheka. Basi wakamwacha pale, wakingoja amri ambayo haikuja.

Ukuta mmoja wa chumba chake ulipakana na chumba cha viapo. Kutwa nzima watu walipita. Alizisikia fimbo, akazisikia sauti: za wazee, za wanafunzi, za watu wa lafudhi ambazo hakuzijua. Siku za kwanza aliziba masikio, kwa kuwa kila fimbo aliiona ni yake, yeye ndiye aliyewaletea. Mama mkwe wake alipita pia. Alimjua kwa kikohozi. Kikongwe yule alisema kiapo chote bila kukosea, na alipomaliza hakutoka. Alimwomba polisi amruhusu aape tena. Wakamtoa kwa kumburuta.

Siku moja aliingia mwanamke mwenye sauti kavu, ambaye alijieleza kuwa anauza mkaa. Alianza vizuri.

"Sikusikia kwamba Jenerali Mawala hakufa kwa maradhi. Sikusikia kwamba alipigwa risasi ya paji la uso na Mtukufu Jemadari Lufingo, mezani, kwa kucheka mapema. Sikusikia kwamba alikuwa mume na baba, na pia muuaji. Sikusikia kwamba nyuma ya jiko lake kuna nguzo ya kamba za nguo. Sikusikia kwamba Generosa Gaspari..."

Fimbo ikalia.

"Umeruka," ilisema sauti ya sajini.

"Nimeruka nini, afande?"

"Umemruka mwalimu."

Sikitu aliinuka mkekani, akausogelea ukuta.

"Sikusikia," sajini alimwongoza, taratibu, bila kusoma popote, "kwamba kwenye nguzo hiyo aliuawa Mwalimu Zakayo Mhando, kwa kusema ziwa linapungua. Sema."

Mwanamke akasema.

"Kwa sauti, mama," sajini alisema. "Walio kwenye foleni nje hawasikii."